Dakika Arobaini Nilizokuahidi

Baba,

Ni mimi Wambura. Nimefika Butiama tangu juzi, na barua hii naiandikia mezani kwako. Mahindi tumevuna. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, ndama ni jike, na Nyangeta amekataa katakata kumuuza. Mdogo wangu amekuwa mkali kama wewe.

Kesho ndugu wanakuja kumaliza matanga. Kabla hawajafika nataka nikueleze ile safari yangu ya kutoka Mwanza, maana wewe ulikuwa mtu wa kupima njia. Ulikuwa ukisema, "Safari huanza mlangoni na kuishia mlangoni, hayo mengine ni kujidanganya." Mimi, mwalimu wa jiografia, nilikucheka.

Asubuhi ile Nyangeta alinipigia saa kumi na mbili. "Kaka, mzee anakuulizaga wewe tu. Njoo." Akakupa simu. Nikakwambia nakuja na ndege, Mwanza hadi Musoma ni dakika arobaini tu. Haukuwa uongo. Angani ni hivyo, pengine pungufu. Ukasema, "Basi nakungoja," nikasikia umefurahi, na mimi nikafurahi kuliko unavyodhani. Mtoto wa mchunga ng'ombe anakuja kwao na ndege.

Ila ndege yenyewe ilikuwa ya saa nane mchana, Baba. Basi la saa moja lilikuwepo. Lingenishusha Bunda, nikachukua gari dogo hadi nyumbani, na kabla ya saa sita ningekuwa nimekaa karibu yako. Nililijua basi hilo, nimelipanda miaka yote. Nikabaki napiga pasi shati.

Nilitua Musoma saa nane na nusu imeshapita. Hapo nyumbani nilikuwa nimeshapapita angani, ikabidi nirudi nyuma kwa bodaboda, vumbi mpaka masikioni. Nilipokata kona ya kwetu niliwaona akina mama wamekaa chini uani. Sikuhitaji kuambiwa.

Nyangeta ndiye aliyenisimulia. Ulipokata simu ulimwambia akutoe nje, akuwekee kiti kielekee barabarani. Ukamwomba akuangalizie saa. Zilipoisha dakika arobaini ukauliza, "Hajafika?" Ukauliza tena na tena mpaka saa saba, kisha ukanyamaza moja kwa moja. Mtu akiambiwa dakika arobaini anazihesabu kuanzia pale alipoambiwa. Hilo sikuliwaza hata kidogo, na linaniuma kila siku.

Halafu nikafanya baya zaidi. Nyangeta aliponiuliza kulikoni, nikamwambia ndege ilichelewa. Ndege iliruka kwa saa yake. Msibani watu wakanisifu, eti nimepanda mpaka ndege ili nimuwahi mzazi, na mimi nikazipokea sifa nimeinamisha kichwa. Hadi leo Nyangeta akisikia muungurumo huko juu, huisonya ndege. Mimi huendelea kula ugali wake.

Nisamehe, Baba. Pumzika, usiningoje tena. Kesho ndugu wote wakishakaa, kabla sala haijaanza, nitasimama nimwambie Nyangeta kwamba ndege haina kosa, kwamba basi lilikuwepo na mimi nikaliacha liende.

Mwanao,
Wambura