Neema Aliyejificha Migombani

Baba mkwe,

Unisamehe kukuandikia hivi moja kwa moja, kama mtu asiye na adabu. Miaka yote niliyokaa kwako sikuwahi kukutazama usoni wala kukutamkia neno, maana kwetu mke wa mtoto humkwepa baba mkwe. Ulikuwa unakohoa kwa nguvu ukikaribia, nami nakimbilia nyuma ya nyumba. Sasa umelala, na mimi nina la kusema, na nimechoka. Nimechoka na kichwa changu!

Tangu utuache mambo yamekuwa huria. Wanunuzi binafsi wanaifuata kahawa mpaka hapa Kawetele, wanagombana mlangoni. Maduka ya Makandana yamejaa redio na mitumba. Na Lusajo, mjukuu wako, ameoa. Mkewe Neema ni mwalimu, mtu wa Singida, na tumbo limeshakuwa kubwa. Wamepanga chumba mjini, Jumamosi wanakuja kwetu. Mimi ninachotaka ni kimoja tu: azalie hapa, nimpokee kitukuu wako kwa mikono yangu hii. Chumba nimekisiriba upya, kanga nimefua.

Basi huyu Neema akaanza kunikimbia. Naingia jikoni, anatoka. Namsalimu, anageukia ukuta. Nikasema ehe, msomi huyu anaona kinyaa moshi wetu. Baba, nilikuwa napalilia maharage huku namjibu. Kanisani nimefumba macho, wenzangu wanasema amina, mimi bado namwambia Neema, "Kwenu Singida mna nini cha kutuzidi?" Na yeye ananijibu jeuri humo humo kichwani, nami nazidi kupandwa na hasira! Maneno yote hayo nilimtungia mimi mwenyewe, halafu namnunia kwa kuyasema. Huo ni uzima kweli?

Wewe ulinijua. Hukuweza kuniambia kitu, ukawa unamwambia ng'ombe zizini ili nisikie nikiwa jikoni: "Wewe ng'ombe una akili. Unacheua, unameza, unalala. Humu ndani yuko mtu anacheua lile lile tangu asubuhi, wala halimshibishi." Nilicheka nikiwa nimejiziba mdomo kwa kanga. Nilicheka tu, sikulishika.

Jumamosi iliyopita nikakutana na Neema njiani anatoka bombani. Akatupa ndoo, akaingia migombani na tumbo lile! Kitambaa chake chekundu kinaonekana kabisa. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga kelele, "Neema! Mimi nimekukosea nini?"

Sauti ikatoka kwenye majani, "Mama, si nimeambiwa mkwe hatazamwi? Lusajo kasema wakwe wanakwepwa."

"Anakwepwa baba mkwe, wewe! Mimi mama yako unanikwepa ya nini?"

"Sasa mimi ningejuaje? Njoo basi univute, mama, mguu umenasa kwenye matope."

Nikamvuta. Tukacheka mpaka akashika kiuno. Lusajo nilimgombeza vizuri, maana mtoto wa Kinyakyusa kabisa, mila ya kwao anaifundisha nusu!

Ungedhani nitapumzika. Wapi! Jioni ile ile kichwa kikaleta jingine: labda amenitungia uongo, labda ameshaamua kwenda kuzalia kwa mama yake Singida kwa sababu yangu. Ee Mungu wangu, wazo moja likitoka, jingine linavuta kigoda, nami nalipikia! Ila safari hii nililiona linavyoingia. Nikasema moyoni, haya, hilo ni wazo, Neema hajasema kitu. Nikaendelea kusugua sufuria. Likazunguka kidogo, likapita. Asubuhi likarudi, ndiyo, tena lina sura nyingine, lakini nililitambua.

Sijui kama hiyo ndiyo imani au ni kuchoka tu. Naomba, nasugua, naomba.

Pumzika kwa Bwana, baba. Tutaonana kwake, na huko nadhani nitaruhusiwa kukutazama.

Kesho wanakuja. Nitamuuliza Neema kwa mdomo wangu: mwanangu, utazalia wapi? Nakuahidi, akisema Singida, nitasikia Singida. Sitasikia "sikupendi."

Mkweo,
Mama Lusajo