Neno "nice" na meno ya dada yangu

Skipton, Yorkshire,
Uingereza.
9 Machi 1987

Mpendwa mjukuu wangu Ignacia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Baba yako kifua kimepona? Ninyi huko Valparaíso mnamaliza kiangazi, nasi bado tunalala na soksi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, na siku hizi tumbo pia, ambalo limekataa nyama tangu mambo nitakayokusimulia.

Umeniuliza maana ya neno "nice", kwa sababu mwalimu wenu anasema ni "zuri" tu na wewe huridhiki. Hakukosea. Chai ya moto ni nice. Siku isiyo na mvua ni nice. Jirani anayerudisha ngazi yako bila kukumbushwa ni mtu nice. Ila ukimsimulia mtu shida zako naye akajibu "nice" huku anatazama dirishani, ujue anakuambia nyamaza.

Kuna matumizi mengine, na hayo yananitia kinyaa.

Unamjua kwa jina dada yangu Mabel, yule aliyemfuata kaka yetu, marehemu babu yako, kuzaliwa. Alipoanza kusahau sufuria jikoni, mwanawe Clifford alimpeleka kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kila mtu aliniambia ni pahali nice. Clifford alisema hivyo, daktari akasema, hata mke wa kasisi, ambaye hajawahi kuvuka mlango wa nyumba ile.

Mwezi uliopita Clifford alinichukua kwa gari kwenda kumwona. Mlango ulipofunguliwa, harufu ya mkojo na kabichi iliyochemshwa tangu asubuhi ilinipiga usoni. Zulia liliganda kwenye viatu. Bi Thwaite, mkuu wa nyumba ile, alitupokea kwa tabasamu. "Karibuni! Tuna chumba kizuri cha kukaa, nice kabisa."

Mabel alikuwa kitini, sweta lake limekaukiwa na ute wa yai kifuani. Nikambusu. Aliponisalimu nilisikia mluzi katikati ya maneno, na midomo yake haikufunga. Nilimtazama vizuri. Meno yalikuwa makubwa, ya manjano, yenye madoa ya tumbaku. Dada yangu hajavuta sigara maisha yake yote.

"Mabel," nikamwuliza, "haya meno ni ya nani?"

Alitazama mapajani. "Ni nice, Dorothea," akasema, na machozi yakamtoka.

Mama yetu alitufundisha hivyo tulipokuwa wadogo: chochote uwekewacho mbele yako, sema ni nice na umeze. Mabel alikuwa mwanafunzi bora kuliko mimi.

Bi Thwaite hata hakushtuka. "Meno ya bandia tunayaosha yote pamoja jioni, kwenye beseni moja. Mara nyingine yanabadilishana kidogo."

"Yanabadilishana? Yana miguu?"

"Mama mdogo, tafadhali," Clifford akaninong'oneza. "Usituaibishe. Ni watu nice."

Nilitoa leso, nikayavuta meno yale kinywani mwa dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ufizi ulikuwa na vidonda, na chini ya meno kulikuwa na mabaki ya chakula ambayo sitakuelezea. Nikayaweka kwenye kiganja cha Clifford. "Haya, yaonje wewe kwanza, kisha uniambie ni nice."

Alikimbilia nje akatapika juu ya maua. Alirudi akijifuta mdomo. Alimbeba mama yake mikononi hadi garini, na njia nzima alikuwa akilia.

Meno ya Mabel yaliishia kinywani mwa mzee mmoja, Bwana Ogden, aliyekataa kuyatoa. "Haya yananikaa," alisema. Muache nayo. Tumemtengenezea Mabel mengine. Wakaguzi wa nyumba za wazee nimewaandikia, nao wamenijibu kwa adabu nyingi sana. Nitawaandikia tena.

Sasa Mabel yuko kwangu, chumba cha nyuma. Clifford huja kila Jumapili kumkata kucha, bila kuambiwa.

Asubuhi ya kwanza nilimpikia uji wa shayiri. Nikasimama na mwiko, nikamwuliza kama ni nice. Alionja, akakunja uso.

"Una mabonge," akasema, akausukuma mbele.

Ignacia, nilikaa chini nikacheka hadi nikalia. Kisha nikampikia mwingine.

Nisalimie baba yako, na mama yako Rosalía, na shangazi Pilar na paka wake wote. Mungu awalinde, awape afya, na awaepushe na adabu iliyopita kiasi.

Akupendaye daima ingawa bado hajakushika mkono,

Bibi Dorothea