Beringi za Lori la Halfani

Jumanne, 8 Juni 1993

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Bado nashtuka nikiitwa mke wa Khalidi. Asubuhi ameita kutoka uani, "Munira, chai ipo?" — na mwili mzima ukanisisimka, kama sijawahi kusikia neno chai.

Tatizo moja tu. Mama. Alinisindikiza kutoka Kolo kwa lori la Bwana Halfani, jirani yetu, akae siku tatu. Lori likaanza kutoa moshi, sasa liko gereji, mikononi mwa Khalidi. Na chumba chetu hapa mtaa wa Kikuyu ni kimoja. Mama analala na mimi, mkwe wake analala kwa rafiki. Majuma mawili na zaidi! Mungu nisamehe, mama nampenda.

Jumatano, 9 Juni

Khalidi kaifungua injini. Ya kwanza kukabidhiwa peke yake! Ringi za pistoni zimekwisha, laina za silinda zimelika. Anabadilisha zote, na beringi za kranki pia, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Nikauliza kwa nini, kama hazijavunjika. Akacheka: "Ukimpa mzee kifua cha kijana ukamwachia magoti yake, atakimbia hatua ngapi?"

Jinsi anavyoeleza! Vipuri siku hizi vimejaa madukani, si kama zamani kungoja kibali. Alikuja na boksi kunionyesha: vipande vya nusu duara, vinang'aa. Nikaweka kimoja mkononi — nusu bangili! Akasema nikivue haraka, jasho linakiharibu. Lakini alikuwa anatabasamu.

Alhamisi, 10 Juni

Upepo, vumbi, baridi. Khalidi hakula. Kranki imechimbika. Lazima ichongwe kwanza, kisha beringi zibadilishwe dukani kwa saizi nyingine. Na fundi wa kuchonga yuko msibani Mpwapwa mpaka wiki ijayo.

Nikalia. Kweli nililia! Nikamwambia nimechoka kuwa na mume wa kuchungulia dirishani. Jumamosi, mpenzi wangu, tafadhali, mama aondoke Jumamosi. Akasema ataona la kufanya.

Ijumaa, 11 Juni

Injini imewaka! Bwana Halfani kapiga makofi, kamwita injinia. Akauliza kama kila kitu ni kipya. Khalidi kasema kila kitu.

Nilijua ataweza! Bila shaka yule fundi alirudi mapema. Mama anafungasha. Nimenunua udi.

Jumamosi, 12 Juni

Wameondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama kakaa mbele na Bwana Halfani. Juu ya mizigo wanawake watatu wa Kondoa, mmoja ana mtoto mgongoni. Mama alinishika kichwa, akaniombea. Akasema nimtunze mume wangu, ana mikono ya baraka.

Saa nne nilifagia uvungu wa kitanda. Boksi. Vipande vyote vimo, kwenye karatasi yake ya mafuta. Kimoja kina alama ya kidole changu, imeshakuwa nyeusi.

Khalidi hakukana. Fundi bado yuko Mpwapwa. Amerudishia beringi zile kuukuu. Alisema labda zitafika. Labda! Nikauliza, zisipofika? Injini inakaba, akasema, inazima ghafla. Na ikikaba kwenye milima, kati ya Kondoa na Kolo? Akasema, akiangalia sakafu, kwamba breki za lori lile ni za upepo, na upepo unatoka kwenye injini.

Mama yuko mbele.

Kondoa watafika alasiri. Husimama kula kwa Mwamvua, na duka lake lina simu. Nikimpigia, Mwamvua anaweza kumzuia Bwana Halfani asiondoke pale. Lakini posta hapa, penye simu, inafungwa saa sita. Nilimwambia Khalidi twende. Akasema nikipiga hiyo simu yeye si fundi tena mji huu, hakuna atakayempa hata baiskeli. Tusubiri, akasema. Labda wako salama. Kisha, bila kupaza sauti: "Wewe ndiye uliyesema Jumamosi."

Ndiyo. Mimi ndiye.

Akatoka kwenda kunawa. Nimevaa viatu. Boksi nimelifunga kwenye kanga, zito kuliko nilivyodhani. Chumba chote kinanukia udi. Saa tano na nusu.

Anaita kutoka uani, polepole, kama kila siku: "Munira, chai ipo?"