Beki Aliyekataa Kunihurumia

Nestori, sha, amahoro, kama ulivyozoea kutusalimu kwa Kirundi.

Dada yako alinipigia simu kutoka kwenu Rumonge, Burundi, Alhamisi asubuhi, nikiwa kwenye cherehani. Homa ya siku chache tu, akasema, ikakuchukua. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika ni wewe. Wewe mzima kabisa unaondoka, unaniacha mimi mwenye betri kifuani! Nimekukasirikia, ndugu yangu. Nitakusamehe, lakini si leo.

Unakumbuka miaka ile ya ukimbizi? Ulikuwa ukitoka kambini kwa kibali kuja kumwona shangazi yako hapa Ujiji, jirani yangu. Kibali chenyewe kila mara kinakaribia kuisha, lakini jioni ukisikia mpira unadunda ufukweni, hukumbuki kibali wala ugali. Shangazi wa watu alikuwa anakusubiri na samaki wake wa mgebuka mpaka anapoa.

Kisha nikazimia uwanjani, nikapelekwa Dar, nikawekewa kile kifaa cha kuamsha mapigo ya moyo yakizubaa. Nilipopona kidonda, daktari aliniruhusu kukimbia, kuogelea, hata kucheza mpira, mradi nisipigwe kifuani. Wenzetu ruhusa hawakuisikia, walisikia kifua tu. Mimi niliyekuwa natuliza mpira kwa kifua watu wakapiga mayowe, ikabidi nijifunze kutumia paja uzeeni. Na nikipata mpira, wananipisha kama wanapisha jeneza.

Isipokuwa wewe. Siku ya kwanza tu ulinipokonya mpira miguuni, nikakaa chini pwaa! Uwanja mzima ukakuzomea, mke wangu akakutukana kwa Kiha. Wewe ukaninyooshea mkono: "Haguruka sha, inuka, betri iko kifuani, miguu ni yako." Nilitamani kukukumbatia mbele ya watu. Kifua changu hukukigusa hata mara moja, ila miguu yangu, loo, ulinitesa! Na nilipojishonea kipande cha sponji ndani ya jezi, ulicheka mpaka ukashika mbavu, ukasema nimeota titi moja.

Mlipoandikishwa kurudi kwenu, tuliagana tukibishana juu ya penalti ya wiki iliyopita. Wanaume bwana. Ningejua, ningekuachia ile penalti.

Tangu uondoke nikawa mfungaji bora wa huruma. Mabeki wanajikwaa wenyewe. Jumapili moja kipa aliruka upande usio na mpira, makusudi kabisa, kisha wakanipigia makofi. Nilirudi nyumbani nikalia. Nikamwambia mke wangu basi, mpira nimeacha. Afadhali kukaa kwenye cherehani kuliko kuchezewa kama mtoto.

Jumapili hii nilikwenda kwa ajili yako tu. Tulisimama kimya, shangazi yako akaomba dua kwa Kirundi, tukaitikia. Timu yako ya zamani siku hiyo ikawa na pengo la beki. Wakatazamana. Nikavua koti, nikaingia kwenye nafasi yako.

Hapo ndipo nilipoelewa, Nestori. Mshambuliaji unaweza kumpisha. Beki utampishaje? Lazima umpite! Alikuja Hamisi, yule muuza dagaa mwenye mbwembwe, nikamnyang'anya mpira. Akaja tena, nikamnyang'anya. Watu wakaanza kumcheka: "Unashindwa na mtu wa betri!" Mara ya tatu alikuja amekunja uso, akanipiga kikumbo cha haja, bega la kulia, usiwe na wasiwasi, nikaanguka mchangani.

Mchezo ukasimama. Hamisi mwenyewe akashika kichwa. Nami nimelala pale, mchanga mdomoni, moyo unapiga vizuri tu, nacheka na kulia kwa pamoja. Kisha nikamgeukia refa, nikafoka: "Faulo hiyo, huoni?" Akapuliza.

Nimekumiss, ndugu yangu. Nakuahidi kila Jumapili nitakuwa pale nyuma, na miguu hii, mpaka ikatae yenyewe. Kwa heri, Nestori. Mwambie yeyote huko uliko kwamba Ujiji kuna mzee mmoja alichezewa faulo ya kweli.

Wako,
Fundi