Betri Chini ya Gunia

Mbeya, 3 Juni 1957

Kwa Kaka Yunusu,

Gari la Zubery halikuwa bovu usiku ule aliokufa Mwanakhamisi. Amesema Jailos, dereva wake mwenyewe, juzi Jumamosi, jukwaani, mbele ya watu kama themanini. Watu wakacheka.

Wewe hupenda habari ianze na jambo lenyewe, ndiyo maana nimelitanguliza. Sasa salamu. Assalaam alaikum. Sisi hapa wazima, ila kifua cha mama kinambana kwa baridi hii. Wifi hajambo? Watoto je? Mguu ulioteguka umepona?

Sikia ilivyokuwa. Unajua kwamba Kinyozi Ndevu alimaliza vipindi vyake redioni mwezi uliopita, baada ya miaka mitatu ya kila Alhamisi. Wapenzi wake hapa mjini wakaona wasiachane naye hivi hivi. Liberatus, karani wa posta, ndiye katibu wao. Akatangaza mkutano: kila anayetaka kupanda jukwaani kueleza kumbukumbu yake ya Kinyozi Ndevu alete blanketi moja, na mablanketi yote yapelekwe wodi ya watoto hospitalini. Niliona ni jambo jema. Nilikwenda na blanketi la kijivu, nikakaa nyuma na wanawake. Sikuwa na nia ya kusema chochote. Nilitaka kutoa tu.

Wa kwanza walieleza mambo ya kawaida. Fundi cherehani alisema alimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi kwa sababu ya kucheka. Kisha akapanda Jailos.

"Mnakikumbuka kipindi cha kinyozi kumnyoa hakimu nusu kichwa?"

"Tunakikumbuka," watu wakaitika.

"Basi siku ile nusura tukikose. Nyie mlidhani redio ya Zubery ina betri yake? Ile betri ni ya gari yangu. Kila Alhamisi naifungua, naingiza dukani. Sasa kinyozi kashika wembe, hakimu kafumba macho, mara hodi, mwanamke anataka gari. Bosi akavuta gunia la chumvi, akaifunika betri. Akamwambia, 'Gari bovu, mama, limegoma tangu asubuhi. Jailos yuko chini yake anahangaika.' Na mimi nipo hapo hapo, nimekalia debe, nakula karanga."

Watu walicheka mpaka wakapiga viti. Zubery alikuwa mstari wa mbele, anachekea ndani ya leso, anamnyooshea Jailos kidole kama mtu anayemwambia mwanawe mtundu.

Mwanamke yule alikuwa Esta, jirani yangu. Nilimtuma mimi. Kipindi cha hakimu kilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Julai 1955. Shemeji yako alikuwa Usangu kununua mchele. Nilimfunga mtoto mgongoni, mume wa Esta akatupakia kwenye baiskeli, na Mwanakhamisi akakata roho kabla hatujafika darajani. Jailos hajui gari lilikuwa linatakiwa na nani. Alikuwa na wiki moja kazini, na alfajiri yake alipeleka mzigo Chunya. Wengine hawana sababu hiyo.

Miaka miwili nimekuwa nikimsalimia Zubery na kumpa pole kwa gari lake kumharibikia.

Wewe ni mtu wa gazeti. Uliza, hakikisha, andika. Nataka liandikwe kwa majina.

Mdogo wako,
Rukia


Iringa, 11 Juni 1957

Kwa mdogo wangu Rukia,

Waalaikum salaam. Barua yako ilifika Ijumaa. Wifi yako na watoto hawajambo. Mguu umepona, naweza kupanda jiwe la Gangilonga bila fimbo. Mwambie mama asikae karibu na moshi. Nampelekea asali.

Nimeisoma barua mara tatu. Nakujibu kama ningemjibu mtu yeyote aletaye habari ofisini. Maneno ya Jailos ni maneno ya mtu aliyepanda jukwaani kuchekesha, na watu wa namna hiyo hupamba. Huenda betri ilikuwa ya gari. Huenda gari nalo lilikuwa bovu. Yote mawili yanawezekana. Gazeti haliwezi kumtaja mfanyabiashara kwa jina kwa sababu ya mzaha wa dereva wake.

Kwanza nahitaji haya. Esta aliingia dukani au alisimama mlangoni? Taa ilikuwa inawaka? Aliwaona waliokaa ndani? Anawakumbuka kwa majina? Niandikie mimi, usiongee na mtu mwingine.

Habari ya mkutano imekwisha kutoka, mistari kumi na miwili, kama alivyoileta katibu: mablanketi arobaini na sita. Nimekutilia kipande chake humu. Jailos hayumo.

Na nikusihi jambo moja. Hata kama gari lingetoka saa ileile, hatujui kama lingemfikisha hospitali akiwa hai. Mwachie Mungu.

Kaka yako,
Yunusu


Mbeya, 20 Juni 1957

Kaka Yunusu,

Salamu nyingi. Asali imefika. Mama anasema ya Iringa ni nyepesi kuliko ya hapa, lakini anailamba mchana kutwa na kifua kimelegea. Natumaini na nyinyi ni wazima. Barua hii naituma kwa mkono wa Tusajigwe, anayekuja huko kumwona dada yake.

Maswali yako nayajibu kama ulivyouliza. Esta aliingia ndani, hatua mbili. Karabai ilikuwa inawaka juu ya kaunta. Aliwaona wote. Walikuwa saba. Amenitajia Zubery, Jailos, ambaye siku ile hakumjua bado, Filemoni wa bucha, fundi cherehani, Mzee Joachim, na Liberatus huyu huyu katibu. Wa saba alikaa karibu na redio, kofia mapajani. Nilipomwuliza jina lake, Esta aliinama akaendelea kuchambua maharage.

"Huyo muulize kaka yako."

"Kaka yangu alikuwa Iringa," nikamwambia. "Alishuka na basi asubuhi ya mazishi."

"Mama Mwana, mimi nimesema muulize."

Sikukaa kimya kama ulivyotaka. Nilikwenda dukani kwa Zubery, nikamwuliza betri ya redio ile ni ipi.

"Ah, dada Rukia. Jailos ana mdomo."

"Sikuuliza mdomo wa Jailos."

Akatazama mlangoni, labda angekuja mteja. Hakuja. "Watoto hupata homa, kesho yake wanacheza," akasema. "Ningejua ni yule wako, wallahi ningesimama mwenyewe."

"Na angekuwa wa mwingine?"

Akavuta mizani. Akasema, "Mimi nimetoa mablanketi kumi. Hakuna aliyetoa kumi." Kisha akapima sukari ratili mbili, akaifunga kwenye gazeti, akanisukumia. Vidole vyake vilikuwa vimelowa mafuta ya taa na karatasi ikashika alama zake. Niliiacha pale pale. Nikatoka.

Liberatus naye alinikuta njiani. Amekwisha kusikia. Nilidhani anataka kuniomba radhi, maana na yeye alikuwamo. Akasema, "Kumbe na wewe una kumbukumbu ya kipindi kile kile. Njoo uieleze mkutano wa pili. Watu watalia, mablanketi yatapita mia." Alisema kwa upole kabisa, kaka, kalamu sikioni.

Mkutano huo wa pili ni tarehe 24 Agosti. Hadithi ya Jailos imechaguliwa kuwa ya kwanza kwa uzuri, ataisimulia tena mbele ya mgeni wa redio kutoka Dar es Salaam.

Nijibu hilo la Esta kwanza. Mengine yatangoja.

Mdogo wako,
Rukia


Mbeya, 25 Julai 1957

Kaka Yunusu,

Salamu. Tusajigwe anasema barua alikukabidhi mkononi, ukaifungua mbele yake, ukaisoma, ukaikunja, ukamkaribisha chai. Wiki tano zimepita.

Tarehe 14 tulimsomea mtoto hitima ya mwaka wa pili. Hukuja na hukuandika. Mama anauliza kama unaumwa. Nimemwambia sijui.

Mdogo wako,
Rukia


Iringa, 8 Agosti 1957

Dada Rukia,

Assalaam alaikum. Siumwi. Mwambie mama hivyo.

Mtu wa saba nilikuwa mimi.

Naeleza kwa mpangilio. Siku ile niliingia Mbeya saa kumi na moja jioni nikitoka Tukuyu, kwenye habari ya wakulima wa kahawa. Nilikusudia kufikia kwako. Niliandika habari yangu hotelini kwanza, nikatoka saa moja na robo, nikapita dukani kwa Zubery. Kipindi kilikuwa karibu kuanza, nikasema nisikilize kwanza, ndipo nije. Betri nilimwona Jailos akiiingiza. Kuirudisha garini ni kazi ya dakika nne. Nimewauliza mafundi wawili, wakasema vivyo hivyo.

Esta aliingia saa moja na dakika arobaini na tano. Alisema, "Jamani, gari, mtoto amezidiwa." Hakutaja mtoto wa nani. Kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ni kuuliza nani. Sikuuliza. Sikutaka kujua, kwa sababu ningejua ningelazimika kusimama.

Zubery alipotupa gunia juu ya betri, halikufika upande wangu. Pembe moja ya betri ilikuwa wazi, na Esta angegeuza kichwa angeiona. Nililivuta likafika. Zubery akanikonyeza. Nilicheka pamoja na wengine.

Kipindi kilikwisha saa mbili na hakuna aliyetaja gari tena. Filemoni alileta nyama, tukala. Ukungu ulikuwa mzito, nikalala kwa Zubery. Alfajiri nikasikia msiba unatajwa, na jina lako ndani yake. Nikaenda stendi. Nilisimama pale mpaka basi la Iringa lililolala Chimala lilipoingia, nikajichanganya na abiria, nikaja kwako na begi mkononi. Ulinipokea begi. Uliniuliza kama nimepata kula njiani.

Maswali ya barua yangu ya Juni sikuyauliza ili nipate habari. Niliyauliza ili nijue Esta aliona kiasi gani. Huwa naweka nakala za barua zangu. Nimeisoma tena ile. Yale maneno ya kumwachia Mungu niliyaandika mwisho, nikakumbuka nilivyoridhika nayo. Yananuka.

Nimemwuliza daktari mmoja hapa kama saa nzima ingemfaa mtoto wa miaka sita mwenye kichomi. Alisema wengine hupona na wengine hawaponi. Ndilo jibu lote alilonipa.

Habari nimemwandikia mhariri, majina saba, langu likiwemo. Amesema hawezi kuichapa kwa barua ya mtu mmoja, lakini ikisemwa hadharani mbele ya watu ataichapa kama ilivyosemwa. Kwa hiyo nakusudia kuja tarehe 24 na blanketi, nipande jukwaani kama mpenzi mwingine yeyote wa Kinyozi Ndevu, niseme haya niliyoyaandika hapa.

Mtoto ni wako. Ukikataa sitapanda.

Kaka yako,
Yunusu


Mbeya, 14 Agosti 1957

Yunusu,

Salamu za mama nimezifikisha. Amefurahi kwamba huumwi. Yaliyobaki sijamsomea. Atayasikia siku hiyo, anasema na yeye atakuja.

Nilisoma mpaka kwenye pembe ya betri. Nikatoka nje, nikaanua nguo, nikarudi nikamaliza.

Panda.

Nilikwenda posta kwa Liberatus, nikamwambia kuna mtu ana kumbukumbu ya kipindi cha hakimu, na alikaa karibu kabisa na redio. Hakuuliza ni nani. Akauliza, "Inachekesha au inaliza?" Nikamwambia aandike tu, na nikamtajia jina. Kalamu ilisimama kidogo, ikaendelea. Nadhani anaamini utawatetea. Amekuweka wa pili, mara baada ya Jailos. Zubery ndiye atakayekaa meza kuu na mgeni. Mimi na Esta tutakaa mstari wa mbele.

Sema saa, sema dakika, sema nani alikalia nini. Usiseme Mungu. Ukianza kulia watakuhurumia wewe, na mimi sikuletei watu themanini waje kukuhurumia.

Blanketi mkabidhi Liberatus mlangoni kama wengine. Kwangu usifikie. Kwa Zubery unapajua.

Jumamosi, tarehe 24 Agosti, saa tisa alasiri, ukumbini.

Mama Mwanakhamisi