Kuku Asiyetaka Kuatamia

Flaviana na Noeli,

Nimeenda Zuzu kwa mama yenu mdogo Anyesi. Kuku wapeni pumba na maji, banda lifungwe mapema, kicheche yupo.

Yule kuku wa kisasa nilimkalisha kwenye mayai siku nne, nimemfunika kwa tenga. Leo asubuhi nimemfunua, katoka mbio kwenda kula, mayai yote yamepoa. Nikampigia bwana mifugo. Ananijibu, "Mzee, hao hawaatamii, ni wa kutaga tu. Kwani hukujua?" Ningejulia wapi? Si yeye na mwenyekiti waliotuambia mkutanoni tuondoe wa kienyeji wote, eti ni kuku wa umaskini? Nikauza wa marehemu mama yenu wote, uzao aliokuja nao akiolewa. Flaviana ulilia, nikakwambia nyamaza, wakubwa wamesema. Kukunyamazisha wewe, hakuna aliyenituma, mwanangu.

Mayai yaliyopoa msile, fukieni. ~~Huyo kuku mchinjeni.~~ Muacheni, kosa si lake.

Uzao ule umebaki kwa Anyesi peke yake, mama yenu alimpa tetea mmoja. Naenda kumwomba kifaranga hata kimoja. Tangu matanga sijakanyaga kwake. Atanisema mbele ya watu kwamba nimemzika dada yake mara mbili. Nitakaa nisikilize mpaka amalize, ndipo niombe.

Nikirudi mikono mitupu msiniulize kitu. Niwekeeni ugali tu.

Baba yenu