Mikaratusi ya Kisimani

Mama yangu mpendwa,

Leo nimerudi kutoka kisimani na bidoni tupu, bila tone la maji. Ukiinama pale chini ya jiwe, ulipokuwa ukiteka maji kila asubuhi, unaona tope tu na majani makavu ya mikaratusi. Mikaratusi yangu. Nani mwingine nitamsingizia?

Unakumbuka nilivyorudi Makobola na ile miche kwenye vifuko vyeusi? Nilikuwa nimetoka shule ya kilimo, agronome kamili, na buti zangu mpya, najiona mkubwa. Mlima ulikuwa umebaki kipara, watu wamekata karibu kila kitu kuchoma makala, makaa ya kupikia, na kila mvua iliteremsha udongo wa mashamba yetu hadi ziwani. Baada ya misa nilisimama nikahubiri kuliko padri: mtu asiguse mti! Wewe ulikuwa unacheka kwenye benchi la akina mama.

Jioni ile, ukimenya mihogo, uliniambia, "Weye agronome, ile muti iko nakunywa mayi sana. Panda kule juu. Kisima, uachie miti yake."

Nikakujibu kwa kiburi, hadi leo naona haya, "Mama, miye nilisoma."

"Njo vile, haya," ulisema, ukaendelea na mihogo yako.

Nikafyeka mikuyu na vichaka vya zamani pale kisimani, nikapanda mikaratusi kwa safu zilizonyooka. Ilikua haraka mno. Uliwaringishia majirani kwamba ule ni msitu wa binti yako, wala hukunikumbusha maneno yako hata mara moja. Hata siku zako za mwisho, ulipoomba maji ya kisimani, hukunilaumu. Nilikuletea kikombe, ukanywa chote, ukasema, "Aksanti, mutoto wangu."

Sasa akina mama wote wanateremka ziwani, na watoto wao wanaharisha. Naumia, Mama. Dawa naijua: kukata ile mikaratusi, kung'oa na visiki vyake maana huchipuka tena, kisha kurudisha mikuyu. Lakini mimi ndiye niliyewanyang'anya watu mapanga miaka yote hii. Mchoma makala mmoja alinisimamisha sokoni akicheka: "Agronome, siku weye utakata yako, siye pia tunaenda kule juu." Kule juu kumebaki kipande kidogo cha msitu, na hicho ndicho kinachoshikilia mlima usitushukie. Nikikata, naweza kukipoteza. Nisipokata, kisima hakirudi.

Silali vizuri. Nimekwisha kunoa panga lako, lile la mpini uliofungwa kwa mpira. Jumapili nitasimama palepale baada ya misa niseme nilikosea, na kwamba uliniambia nikakataa kusikia. Labda watanicheka. Labda watanisikia kuliko nilipokuwa najua kila kitu. Kisha nitaomba wanisaidie kukata ile ya kisimani, na wanisaidie kulinda ya juu.

Ila kabla ya kuwaambia wao, lazima nikuambie wewe. Kile kikombe, Mama, yalikuwa maji ya ziwa niliyochemsha. Kisima kilikuwa kimekwisha kukauka. Wewe uliyekunywa maji ya kisimani maisha yako yote, ulijua tangu funda la kwanza, ukamaliza kikombe.

Nisamehe, na upumzike.

Ni mimi, binti yako, agronome wako